Mistari ya Zamani Shambani: Namna ya Kuiona Kutoka Juu, na Kwa Nini Usikimbilie Kuing'oa



Mwaka jana, mwezi wa tisa, kijana mmoja alinipigia simu kutoka kijiji kimoja cha milimani wilayani Mpwapwa. Amerithi ekari nne za babu yake kwenye mteremko, na ndani ya shamba zinapita safu za mawe yaliyolala, yamefunikwa na nyasi na vichaka vya miiba. Alikuwa ameshaelewana na mtu wa lori. Si unajua Dodoma ya sasa hivi, tangu serikali ihamie jiwe limekuwa mali: msingi unataka mawe, kokoto inagongwa kila kona. Lori lilikuwa lije Jumamosi. Sasa jirani yake wa upande wa juu akaja asubuhi na mapema akamwambia, "Hayo mawe usiyaguse, ni mpaka wa marehemu baba. Kuanzia safu ya tatu kwenda juu ni kwetu."

Kwa hiyo simu moja ikabeba maswali mawili. "Shikamoo bwana shamba. Haya mawe ni mpaka au siyo mpaka? Na nikiyauza kuna ubaya gani?"

"Marahaba. Lori lisubiri kwanza," nikamjibu. Kisha nikamwomba anielekeze shamba liko wapi, kutoka shuleni, kutoka kisimani, kutoka kwenye mbuyu, mpaka nikalipata kwenye Google Earth. Picha ya mwezi wa tano, nyasi zinaanza kukauka. Nikaona mistari sita, imepinda pamoja na kilima kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa pale, alikuwa anajua mitatu tu.

Nitarudi kwa kijana huyu. Kwanza tuelewane ile mistari inaonekanaje kutoka juu wakati ukiwa umesimama juu yake huioni.

Ardhi inaonyeshaje kilichozikwa

Mtu akichimba mtaro, ukaachwa miaka mia ukajaa, juu panakuwa tambarare, huoni kitu. Lakini ule udongo uliojaza mtaro ni laini, ni wa juu-juu, una mboji, unashika maji. Mtama ukiota pale mizizi inashuka. Mvua ikikata wiki tatu, mtama wote wa pembeni unakunja majani, ule wa juu ya mtaro bado kijani. Ukiwa chini unaona mashina machache mazuri unasema "hapa pana bahati." Ukiwa juu unaona mstari.

Ukuta wa mawe uliofunikwa na udongo unafanya kinyume chake. Mizizi inagonga jiwe, mmea unakuwa mfupi na kugeuka njano kabla ya wenzake. Kwa hiyo mstari wa kijani mara nyingi ni mtaro au shimo, na mstari wa njano ni mawe au ardhi iliyoshindiliwa.

Njia ya pili ni kivuli. Tuta lililobaki na kimo cha kiganja halionekani saa sita mchana, lakini jua likiwa limelala, saa moja asubuhi au saa kumi na mbili jioni, linatupa kivuli. Njia ya tatu ni rangi ya udongo baada ya kulima: majivu na samadi ya zamani vinatoka kijivu au vyeusi kwenye ardhi yetu nyekundu.

Elimu hii ilishika kasi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwingereza O.G.S. Crawford, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye ndege wakati wa vita, alirudi nyumbani akaanza kusoma picha za angani na kuona mashamba ya watu wa kale yakijichora ndani ya mashamba ya ngano ya watu wa leo. Na mwaka unaotoa picha bora ni mwaka mbaya. Mwezi wa saba mwaka 2018 Ireland ilipigwa na ukame, na droni iliyorushwa karibu na kaburi la kale la Newgrange ikaonyesha duara kubwa lililokuwa limefichwa na mazao miaka yote. Wenzetu wale wanasubiri ukame uwatembelee mara moja kwa miaka mingi. Sisi unatutembelea karibu kila mwezi wa pili, mvua zikikata katikati ya msimu. Kwa hiyo ukitaka kusoma shamba lako, tafuta picha za mwezi wa pili, na za mwezi wa tano nyasi zikianza kukauka. Picha za mwezi wa kumi hazikusaidii sana, kila kitu kimekuwa rangi moja.

Engaruka, shule yetu ya karibu

Huhitaji kwenda Ulaya kuona mipaka ya mashamba ya kale. Iko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilaya ya Monduli. Fungua ramani ya setilaiti pale, utaona mraba baada ya mraba, kama majaruba ya mpunga, ila haya yamezungushiwa mawe. Eneo lote linafikia takriban hekta 2,000, yaani karibu ekari 5,000. Juu ya mteremko kuna mabaki ya vijiji saba, na kutoka kwenye mito inayoshuka ukingo huo kuna mifereji iliyosambaza maji mpaka kwenye vijaruba. Mahali penyewe mvua yake ni kidogo kuliko hata yetu ya Dodoma.

Louis Leakey alifika pale mwaka 1935. Miaka ya 1960 akaja Hamo Sassoon, akafuata John Sutton, na miaka ya karibuni Daryl Stump na Carol Lang wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Kwa vipimo vyao, mashamba yale yalilimwa kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, kisha yakaachwa. Mtama ulikuwa miongoni mwa mazao yao, mbegu zilizoungua zimechimbuliwa. Sutton alieleza pia kwamba ng'ombe walifungiwa karibu na nyumba na mashamba, samadi ikapelekwa shambani. Hiyo ndiyo tunayowaimbia kila siku kwenye mikutano ya kijiji.

Jambo lililonishika zaidi lilitoka kwa Stump na Lang. Wao hawakuishia kutazama mistari, walichimba mashimo kando ya kuta na kusoma udongo tabaka kwa tabaka. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya udongo wa vile vijaruba haikuwepo pale mwanzoni. Ulikuja na maji. Wakulima waliweka mawe kukatiza maji yaendayo kasi, maji yakapunguza mwendo, tope likatua. Likijaa, wanaongeza mawe juu, linatua tena. Mwaka baada ya mwaka, shamba lilijengwa kwa tope la mlimani.

Soma tena hapo. Ule mstari wa mawe ambao mtu angeuita mpaka ndio ulioleta shamba. Ukiutoa, mvua kubwa mbili tatu zinarudisha udongo ulikotaka kwenda tangu mwanzo, bondeni.

Na sisi Dodoma tunajua udongo ukienda bondeni unafanya nini. Miaka ya mwanzo ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, akiwamo Anders Rapp, walipima mmomonyoko kwenye mabonde manne karibu na mji: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Picha za angani za miaka tofauti ziliwasaidia kufuatilia makorongo na ardhi iliyochujwa. Waliyakuta mabwawa yakijaa mchanga kwa kasi ya kutisha. Ule mchanga ulikuwa shamba la mtu.

Dodoma kuna tabaka gani

Usitegemee kuona Engaruka nyingine Bahi au Chamwino. Wagogo wa zamani hawakuhitaji vijaruba vya mawe. Walilima mtama na uwele, wakafuga, wakakaa kaya mbalimbali kwenye matembe yao, na zizi likiwa uani. Shamba likichoka walihama kidogo. Kwa hiyo alama ya kawaida kwetu huku ni doa, kuliko mstari. Ni doa la mviringo au la mstatili ambapo nyasi ni fupi, laini na za kijani kuliko za pembeni, miti imepungua, na mara nyingi pembeni kuna minyaa iliyobaki ya wigo wa zamani. Hilo ni hame.

Hame lina thamani kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti wao wa Narok, kusini-magharibi mwa Kenya. Walichukua sehemu ambazo kwenye picha za setilaiti zinaonekana kama viwanja vya nyasi katikati ya pori, wakachimba. Chini wakakuta tabaka la samadi ya maboma ya wafugaji wa kale, ya miaka 1,550 hadi 3,700 iliyopita. Fosforasi, kalsiamu na magnesiamu bado vilikuwa juu kuliko udongo wa jirani. Miaka elfu tatu! Na wewe samadi ya zizini umeiacha inapeperuka na upepo wa mwezi wa nane.

Mahame mengi ya Dodoma ni ya juzi tu kwa kulinganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Operesheni Dodoma, kisha Operesheni Vijiji ikafagia nchi nzima, na watu wakatoka kwenye kaya zao za mbalimbali wakapangwa kwenye vijiji vya mistari iliyonyooka. Ukitazama kijiji chako kutoka juu utaiona mipango ile mpaka leo: barabara ya katikati, viwanja vya ukubwa sawa. Na ukisogeza picha kilomita mbili tatu porini utayaona madoa ya kule watu walikotoka.

Ukienda Kondoa unakutana na jambo jingine. Huko ni makinga maji. Yapo yaliyochimbwa kwa amri enzi za mkoloni, na yapo ya mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mradi huo uliondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wazee wa huko bado wanaikumbuka siku hiyo, wengine kwa shukrani, wengine kwa uchungu. Makinga maji yanajulikana kwa sababu yanafuata kimo cha mlima na yako mbali-mbali kwa vipimo vinavyofanana. Mistari ya mpimaji haifanani na mistari ya babu.

Kongwa ni habari ya peke yake, na hapa naomba niseme kidogo kwa sababu ina somo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na wenzake, wakague ardhi ya kulima karanga. Ziara yao ilichukua wiki tisa, na sehemu kubwa ya ukaguzi ilifanywa kutoka kwenye ndege. Wakapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 matingatinga yakaanza kung'oa pori la Kongwa, miti ikasukumwa kwenye safu ndefu ikachomwa. Halafu mvua ikaisha, na udongo ambao kutoka angani ulionekana mzuri ukakauka mpaka ukawa kama sakafu ya saruji, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, zimeshateketea pauni milioni 36 hivi. Kwa hiyo ukiona Kongwa kingo ndefu zilizonyooka, zinazokata kilima bila kujali maji yanakokwenda, usianze kutafuta watu wa kale. Fikiria tingatinga kwanza.

Somo lake unaliona. Walitazama kutoka juu, hawakushika jembe vya kutosha.

Vinavyodanganya

Kichuguu kikubwa kilichokufa kinatoa doa la kijani la mviringo, unaweza kuapa ni zizi la zamani. Tofauti: vichuguu vinajipanga kwa umbali unaofanana eneo zima, na kila kimoja ni kidogo. Hame lina upana wa makumi ya mita, liko peke yake au matatu manne pamoja, na ukiokota-okota chini utapata vigae vya vyungu, kipande cha jiwe la kusagia, pengine mavi ya chuma.

Njia za ng'ombe nazo zinachora mistari mizuri sana, lakini zinaelekea majini zote. Ufito wa mwamba unaotokeza kidogo juu ya ardhi unafanana na ukuta, ila unavuka kilima na kuendelea ng'ambo ya pili. Na mkuza wa zamani wa bomba au wa nguzo za umeme umewahi kunidanganya mimi mwenyewe, nikamwandikia mwenzangu kwa furaha, akanijibu nikaulize TANESCO.

Vifaa vya kuona chini bila kuchimba

Wanaakiolojia wakishaona alama kwenye picha, kabla ya kuchimba wanapita na vifaa. Kipo kinachoitwa magnetometa. Udongo uliochomwa moto, kama jikoni au nyumba ya udongo iliyoungua, chuma kilichomo ndani yake hubadilika usumaku. Hata mtaro uliojaa udongo wa juu unatofautiana kidogo na pembeni. Mtu anatembea na kifaa kwenye mistari iliyopimwa kwa kamba, na kompyuta inachora picha. Kipo cha kupima ukinzani wa umeme: unachomeka pini ardhini, umeme mdogo unapita, penye unyevu unapita kirahisi, penye mawe unakwama. Na ipo rada ya ardhini, inayotuma mawimbi chini na kusubiri yarudi.

Hapa Tanzania mfano mzuri uko pwani, Songo Mnara karibu na Kilwa. Kila mtu alikuwa anajua magofu ya mawe ya pale. Timu ya Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones ikapitisha vifaa kwenye viwanja vilivyoonekana vitupu katikati ya magofu, na alama zikatokea. Walipochimba wakakuta mabaki ya nyumba za miti na udongo ambazo hazikuacha kitu cha kuonekana kwa macho.

Kwa Dodoma vifaa hivi vina adabu yake. Kile cha umeme ukikileta mwezi wa tisa kwenye udongo mkavu kitakuambia kila mahali ni jiwe. Subiri mwezi wa nne. Rada haipendi mfinyanzi mweusi wa mbugani, mawimbi yanamezwa. Na miamba yetu mingine ina usumaku wake, inaweza kupigia kelele magnetometa mpaka huoni zizi la mtu. Isitoshe bei zake si za mkulima, wala si za ofisi ya kata.

Lakini kazi kubwa unaweza kuifanya kwa nondo ya milimita kumi yenye urefu wa mita moja, na jembe. Baada ya mvua, chomeka nondo kila hatua moja ukikatiza mstari. Inaposhuka mpaka nusu ni udongo mwingi, inapogonga ni jiwe au changarawe. Andika kwenye daftari. Kisha chimba vishimo vitatu tu: juu ya mstari, kwenye mstari, chini ya mstari. Kama unashuku hame, chukua udongo wa ndani na wa nje ya doa, mifuko miwili tofauti, upeleke maabara ya udongo, SUA au TARI Mlingano, uombe wakupimie fosforasi. Tofauti ikiwa kubwa, umepata mahali pa kuanzishia bustani ya mboga.

Picha zenyewe: Google Earth ina alama ya saa inayokurudisha miaka ya nyuma, ni bando tu. Picha za Sentinel-2 ni za bure, zipo tangu 2015 na zinarudi kila siku tano hivi, ila nukta yake moja ni mita 10, kwa hiyo zinafaa kwa madoa, siyo kwa safu ya mawe. Picha za ndege za zamani, zile zilizotumika kuchora ramani za 1:50,000, ziulizie Upimaji na Ramani, Wizara ya Ardhi. Droni ni nzuri kuliko zote, lakini usirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukiirusha bila kuaga kijiji utaitwa mwizi wa madini.

Na hilo lisikupite hivi hivi. Ukianza kutangaza kwamba umeona "ramani ya zamani" kwenye shamba lako, watakuja wale wa mali za Wajerumani, usiku, na sururu. Nimeshaona hame zuri limegeuzwa mashimo matupu. Ukipata makaburi, vyungu vizima au mabaki ya tanuri la chuma, acha palivyo, toa taarifa ofisi ya kijiji na kwa afisa utamaduni wa wilaya. Mambo ya kale yana sheria yake tangu mwaka 1964.

Mpaka wa nani sasa?

Turudi Mpwapwa. Alhamisi nilipanda bodaboda na nondo yangu. Tulikuwa watu wanne: mimi, kijana, yule jirani (nilisisitiza naye awepo), na bibi mmoja wa pale anayeheshimiwa na pande zote mbili. Tukachimba kwenye safu ya tatu, ile inayogombaniwa. Upande wa juu wa mawe jembe lilishuka kwenye udongo mweusi mpaka shimo likafika kiwiko changu. Ndani yake kulikuwa na majivu na vigae viwili vya chungu. Upande wa chini, viganja viwili tu, changarawe. Tukarudia safu ya tano, ile ile hadithi.

"Bibi, haya mawe yaliwekwa na nani?" nikauliza.

"Mwanangu, mimi niliyakuta. Na mama yangu aliyakuta."

Nikawaeleza hivi. Safu zote sita zinafuata kimo, zinalala kukatiza mteremko, na kila moja imekamata udongo upande wake wa juu. Hizo ni kazi za kuzuia udongo. Mtu akiamua pia kuzitumia kama mpaka, sawa, lakini jiwe haliwezi kusema lilikuwa la baba ya nani, na picha ya setilaiti ndiyo kabisa. Picha inasema mstari upo na unapita wapi. Haisemi mwenyewe.

Hili nalikazia kwa sababu siku hizi vijana wanakuja na simu barazani: "Angalieni, hili hapa boma la babu, linaonekana kutoka angani, shamba ni letu." Boma linaweza kuwa la babu kweli. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika katika vijiji kati ya mwaka 1970 na 1977, na haki za zamani za watu wengine juu ya ardhi hiyo zikafutika. Kwa hiyo hame ulilohama wakati wa operesheni, akapewa mwingine kihalali, kuliona kwenye simu hakukurudishii. Najua linauma; mama yangu mzazi ana hame lake, na hupita hapo akaangalia mkwaju aliozaliwa chini yake.

Kama mna mgogoro, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, angalau watatu wanawake, na kazi yake ni kuwasuluhisha. Pelekeni mashahidi wanaokumbuka, na picha mkiwa nayo iwe ya kusaidia kumbukumbu, mfano kuonyesha wigo ulipita wapi kabla haujakatwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Barazani yule bibi akakumbuka minyaa. Tulipotazama picha ya mwaka 2009 ulionekana mstari mwembamba wa giza, ukishuka kilima wima, ukikata zile safu za mawe badala ya kwenda nazo. Wakaenda kuangalia, wakakuta visiki vitatu vya minyaa bado vinachipua. Wazee wakatoa ushahidi kwamba huo ndio uliokuwa mpaka. Jirani alipata kipande cha hatua kama kumi na mbili, akapungukiwa na alichodai kwa mbali, lakini alikubali. Kijiji sasa kiko kwenye kuandaa hati za hakimiliki ya kimila, na visiki vile vimeingizwa kwenye vipimo.

Mawe hayakuuzwa, isipokuwa rundo lililokuwa limesambaa bondeni kabisa, lori moja, akanunua mbegu ya mtama. Mwezi wa pili mvua zilipokata alinitumia picha kwa simu akiwa amepanda juu ya mwamba: michirizi ya kijani juu ya kila safu, na katikati majani yamekunjamana. Chini ya safu ya mwisho kuna nafasi ndefu tupu mpaka korongoni. Anauliza safu ya saba ianzie wapi. Nimemwambia atengeneze fremu ya A, miti mitatu, uzi na jiwe, nikimaliza chanjo ya kuku nitakwenda tupime.